Mkuu wa Chuo Aliyefungua Mlango, Dada Yake Akatoka

Kengele ya asubuhi haijagongwa, na mkuu wa chuo tayari ana mtoto mgongoni. Si wake, wala si mjukuu wake. Ni wa mwanafunzi wa ufundi bomba ambaye leo ana mtihani wa vitendo. Mtoto kaamka na homa, hataki kushikwa na mtu mwingine.

"Huyu ananijua," anasema mkuu, akikaza mbeleko. "Akilia, mama yake atakata bomba kombo. Sasa tumfelishe nani, mama au mtoto?"

Anapita akifungua madirisha. Chuo chenyewe ni kidogo: majengo mawili ya matofali, karakana ambayo zamani ilikuwa jiko, na ukumbi mrefu uliogawanywa kwa ukuta wa mbao. Upande mmoja kuna vyerehani vilivyofunikwa vumbi lisiingie. Upande wa pili wamelala watoto.

Wanafunzi wanamwita Mama Spana. Jina hilo alipachikwa na wazazi waliokuwa wakimkejeli. Kejeli ikaisha, jina likabaki. Ana miaka hamsini na minane, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Lakini ukimtazama anapopita kwenye ule ukuta wa mbao, utaona anapunguza mwendo.

"Ukuta huu ndio ulionitenganisha na dada yangu," anasema.

Mama yao alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Dada yake alikuwa darasa la tano, hodari wa kusoma kuliko watoto wote wa mtaa. Baba alisema shule itasubiri mpaka kitoto kikue. Haikusubiri.

"Alinibeba mgongoni mpaka nikajua kukimbia," anasimulia mkuu. "Wenzake wakipita asubuhi na madaftari, anajifanya anafagia ili wasimwone uso. Haya aliniambia jirani. Dada mwenyewe hakuniambia hata siku moja."

Dada alijifunza kushona kwa fundi mmoja wa mtaani, na kwa ustadi wake akaajiriwa hapa kufundisha. Enzi hizo wasichana waliletwa kufundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba, basi. Walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo likipinda hata kidogo alilifumua lote bila kusema neno, akakurudishia nguo na sindano. Mdogo wake alipomaliza ualimu, ni yeye aliyemshika mkono na kumleta afundishe hesabu.

Miaka ikapita, mdogo akateuliwa kuwa mkuu. Katika kikao cha kwanza Mama Pindo alisimama, akamwinamia mbele ya walimu wote: "Shikamoo, mkuu!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mkuu mpya alijificha uso kwa viganja. "Nilicheka mpaka machozi. Siku zile tulikuwa bado tunacheka pamoja."

Kisha dunia ikageuka. Masoko yalijaa nguo zilizoshonwa tayari, na wasichana wakawa wanahitimu na kurudi kukaa nyumbani, cherehani kimewekwa pembeni kama kabati. Mkuu aliwatembelea mmoja mmoja. Wote walimwambia jambo lile lile: nyumba zinajengwa kila kona, mafundi hawatoshi. Akaanzisha ufundi bomba na umeme wa majumbani.

Kikao cha wazazi kilikuwa moto. Baba mmoja alisimama na kofia mkononi: "Mimi nilimleta binti yangu ashike sindano, wewe unamshikisha spana. Ataolewa na nani, na lori?"

Watu walicheka. Mkuu alisubiri wamalize. "Dada yake alishika sindano hapa hapa, mzee. Yuko wapi leo?"

"Yuko nyumbani."

"Anafanya nini?"

Mzee alivaa kofia yake, akakaa chini. Juma lililofuata alimwondoa binti yake, na hakuwa peke yake. Wanafunzi walipungua mpaka madarasa yakawa yanatoa mwangwi.

Mama Pindo hakupenda, lakini aliendelea kufundisha. Kilichomshinda kilikuja baadaye, mkuu alipoamua kuwapokea wasichana waliokatishwa masomo kwa kuzaa, waje na watoto wao. Watoto walihitaji pa kulala, na darasa la ushonaji lilikuwa limebaki na wanafunzi wachache. Akaita maseremala wagawe ukumbi wa ushonaji.

Misumari ikiwa bado inagongwa, Mama Pindo aliingia chumba cha walimu.

"Mimi niliacha shule kwa ajili ya mtoto," alisema. "Na mtoto mwenyewe sikumzaa. Mtoto huyo ni wewe. Hakuna chuo kilichonifungulia mlango. Hawa waliofuata raha zao unawatandikia mpaka vitanda, tena ndani ya chumba changu?"

"Dada, nyakati zimebadilika," mkuu alijibu.

"Zimebadilika kwa nani?"

Alichukua mkasi wake, akafunga skafu yake kichwani na kuondoka. Hakukanyaga tena chuoni.

Mkuu alikwenda kwake mara nyingi. Alipokewa kwa heshima, akakaribishwa kiti, akaulizwa hali za wagonjwa wa mtaa. Kuhusu chuo, kimya. "Nilitamani anitukane," anasema. "Ndugu yako akianza kukupokea kama mgeni, ujue umempoteza."

Kisha kiharusi kikampiga Mama Pindo, upande wa kulia, na sauti nayo ikapotea. Hakuwa na mume wala mtoto. Mkuu alihamia kwake. Asubuhi chuoni, mchana kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko.

Maji yalitoka bomba la nje, ndoo baada ya ndoo. Mhitimu mmoja wa chuo, sasa fundi anayejitegemea, alisikia akaja bila kuitwa, na mtoto wake mchanga. Alimlaza mtoto kitandani karibu na mgonjwa kwa kuwa hapakuwa na pengine, akaanza kutoboa ukuta ili aingize bomba ndani.

"Mama Pindo alinitazama kazi yote," anasema fundi huyo. "Nilikuwa kama niko kwenye mtihani. Nilijua bomba likipinda hata kidogo, ataona."

Maji yalipotoka, mtoto alistuka akalia. Mama Pindo aliinua mkono wake mzima taratibu, akaanza kumpapasa mgongo. Mtoto akalala. Mkono ukabaki pale pale.

Alifariki kabla ya mwezi kwisha.

"Watu wananiambia lile ndilo lilikuwa jibu lake," anasema mkuu. "Labda. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na hapo sioni jibu, naona mwanamke aliyekuwa anajua kubembeleza mtoto tangu utotoni. Aliniuliza nyakati zimebadilika kwa nani. Ningemwambia nini? Kwake hazikubadilika."

Leo chuo kina wanafunzi mia na kidogo. Hata yule baba wa kofia amemleta mjukuu wake. Anapomwona mkuu hutazama chini, naye mkuu humwamkia kana kwamba hapakuwa na neno.

Lakini hesabu hiyo haimfurahishi kama watu wanavyodhani. Muhula ujao anataka kuanzisha darasa ambalo baadhi ya walimu wake wamelipinga waziwazi, wakisema watu watawacheka: darasa la kusoma kwa wanawake watu wazima walioachishwa shule ili walee wadogo zao.

"Waliozaa tumewafungulia," anasema. "Waliolea wasiowazaa, nani anawakumbuka?"

Ametangaza sokoni na kliniki. Wiki iliyopita mwanamke mmoja mwenye mvi alifika getini, akasimama kwa muda bila kuingia. Mkuu alimfuata.

"Mwanangu," mwanamke yule alisema kwa sauti ya chini, "kwa umri huu si nitachekwa?"

"Watakucheka wiki ya kwanza, mama. Wiki ya pili watakuazima penseli."

Mwanamke aliingia, akaandikisha jina lake. Mpaka sasa hakuna mwingine aliyekuja. Mkuu anasema darasa litaanza hivyo hivyo, na mwanafunzi mmoja.