Mchango Usiozidi Maneno Mia Tatu

Haya aliyasimulia Restuta mwenyewe, muuguzi wa zahanati moja upande wa Kamsamba, Jumapili ya kwanza ya Juni mwaka 2013. Alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua mchele, maana mkono wa mama huyu haukai bure hata mdomo ukiwa kazini.

Saa kumi na moja alfajiri, na bondeni huku joto lenyewe halijapata usingizi. Restuta anafungua mlango wa zahanati kwa bega, bawaba zimelegea. Kwenye benchi la nje mama kijana ameshatangulia, mtoto yuko mgongoni, kanga imefungwa mara mbili. Anatazama chini kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Mwangaluka," Restuta anamwamkia, kwa Kisukuma alichookota hapa hapa.

"Mwangaluka, nesi."

"Mtoto ana mchango?"

Mama anainua uso. "Anao. Tangu jana jioni. Tumbo limekaza, anaharisha."

"Umefanya vizuri kuja. Ingia."

Ni swali dogo, halimalizi hata pumzi moja. Lakini ndilo litakalompeleka Restuta Mbeya mwezi wa nane, asimame kwenye kongamano la afya ya vijijini mbele ya watafiti na wauguzi wenzake, aeleze kwa nini huliuliza kabla ya jingine lolote. Nafasi hiyo nusura aikose, na kilichotaka kumkosesha ni neno lile lile.

Msomaji wa mbali aelewe. Mchango wa harusi kila mtu anaujua, ukiona kadi unaficha uso. Bondeni Momba mchango ni kitu kingine pia: ni tumbo la mtoto linalokaza, kilio kisichonyamazika, na mara nyingi kuharisha. Dawa yake, wazee wanasema, ni mizizi, wala si sindano.

Restuta alizaliwa Mbozi juu, kwenye kahawa na baridi, katika familia ya Wanyiha waliozoea kanisa la asubuhi na uji wa moto. Alipopangiwa kazi bondeni mwaka 2006 alilia njia nzima. "Nilidhani nitakaa mwaka mmoja nihame," anasema. "Joto lenyewe lilikuwa linanipiga makofi." Hakuhama.

Alikuta bango ukutani, herufi kubwa nyekundu: MCHANGO SI UGONJWA. ACHA IMANI POTOFU. Hakuna aliyekumbuka nani alilibandika. Lilikuwepo kama mjusi anavyokuwepo.

Mwaka 2011 mama mmoja wa makamo, Nyanzobe, mfugaji aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, alileta mjukuu juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Walimtundikia dripu, wakahangaika naye mpaka jua likapinda.

Mtoto alipoanza kunyonya tena, Restuta alimuuliza bibi yake kwa nini alichelewa.

"Sikuchelewa," Nyanzobe akajibu, wala hakupandisha sauti. "Nilikuja juzi. Mimi kusoma sijui, nikamwomba mwenzangu anisomee pale ukutani. Ukuta wenu ukaniambia hamna dawa yake. Nikarudi."

Jioni ile Restuta alilibandua bango. Kesho yake akaanza kuuliza swali lake.

Bosi wake, tabibu Fanueli, ambaye kijiji kizima kinamwita daktari, hakupenda. "Sista, tukilitaja hilo jina tutakuwa tumekubaliana na waganga," alisema.

"Daktari, aliyeingia mlangoni nitamwelimisha. Aliyebaki nyumbani nitamwelimisha na nini? Na redio?"

Fanueli alikuna kidevu. "Haya, jaribu. Ila nikisikia umeandika mchango kwenye cheti, tutagombana."

Restuta akajaribu, na akawa anafuatilia. Zamani, kati ya watoto kumi wa kuharisha waliofikishwa pale, saba walifika wakiwa wamekwisha kukauka maji mwilini. Baada ya mwaka na ushei wa kuuliza, walibaki wawili. Akina mama waliacha kuja kwa kujificha. Habari ilitembea kisimani kwamba nesi wa Kinyiha anaujua mchango.

Hapo ndipo lilipomwingia jambo la kuwaambia wengine. Bonde ni refu, zahanati ni nyingi, na mabango mekundu yako mengi.

Machi mwaka huu Fanueli alirudi kutoka semina Vwawa na tangazo la kongamano. Restuta alisoma mstari mmoja tu, wa chini: Wanaotaka kushiriki watume michango yao kabla ya mwisho wa Aprili.

"Michango tena," akasema.

"Si unawajua," Fanueli akajibu. "Juzi harusi ya bwana mifugo, leo kongamano. Wakila pilau huko sisi tunanusa huku."

Wakacheka, tangazo likawekwa chini ya birika. Likakaa huko likipata madoa ya chai mpaka Aprili ilipoingia. Siku moja Restuta akifuta meza, jicho likaangukia mstari wa pili: Mchango usizidi maneno mia tatu.

Akalisoma mara mbili. "Daktari," akaita, "umewahi kuona mchango unaopimwa kwa maneno?"

Fanueli akaja, akavaa miwani. Wakatazamana. Kumbe wenye kongamano walikuwa wanaomba maelezo mafupi ya mada, wao wakafikiri wanadaiwa hela ya sherehe.

"Mwezi mzima umelala chini ya birika," anasema Restuta, akitoa chuya na kuwatupia kuku. "Mungu naye ana masihara."

Aliandika palepale kwenye benchi, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mara ya kwanza alijaza kurasa nne. Alianza: Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa dini na serikali mliopo, wazazi, mabibi na mabwana. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mkuu wa wilaya, akaeleza historia ya zahanati.

Fanueli akasoma hadi chini. "Sista, hii ni risala. Bado tu shairi na ngoma ya kina mama."

"Sasa nianzeje bila kusalimia?"

"Anza kama unavyomkabidhi mgonjwa zamu ikiisha. Amekuja na nini, umefanya nini, amekuwaje."

Hilo alilielewa. Mgeni rasmi akaondoka, mkuu wa wilaya akaondoka, na historia ya zahanati ikamfuata. Maneno yakabaki mia mbili tisini na kitu. Juu yake akaandika kichwa alichokipenda: Mchango kwa Watoto wa Kamsamba.

Kutuma ilikuwa kazi nyingine. Kamsamba hakuna kompyuta ya kukodi, na njia ya masika ni ya kumwomba Mungu. Alipanda lori la mpunga, wakakwama, wakalisukuma. Tunduma alifika na tope hadi magotini, akapita katikati ya malori yanayongoja mpaka na wabadilisha fedha wanaokuita Mzambia kabla hujafungua mdomo.

"Mulishani, mama?" kijana mmoja akamsabahi kwa Kibemba, bunda la kwacha mkononi.

"Natoka Kamsamba, baba. Sina kwacha, nina tope."

Kibanda cha intaneti ni cha Osea, bwana mnene mwenye vidole vyepesi. Alichapa huku akisoma kwa sauti, kama kawaida yake. Alipofika kwenye kichwa akasimama. "Mama, unachangisha? Niweke namba ya simu watu watume?"

"Hapana, baba. Ni huo mchango wa tumbo."

"Aa, wa tumbo." Osea mwenyewe ana watoto wanne, hakuhitaji zaidi. Akachapa, akabonyeza, ikaenda. Restuta akarudi bondeni na moyo mweupe.

Zilibaki siku mbili pazia lifungwe, Osea alipopiga simu. Mtandao Kamsamba hupatikana juu ya kichuguu nyuma ya shule, kwa hiyo Restuta alipokea akiwa amesimama huko, kanga kiunoni.

"Mama, wamejibu. Nikusomee?"

"Soma."

"Tumepokea kwa shukrani barua yako ya kuomba mchango kwa ajili ya watoto wa Kamsamba. Kwa masikitiko, kamati haina fungu la misaada. Tunakutakia heri katika juhudi zako."

Restuta alicheka mpaka akashika mti. Kisha kicheko kikakatika chenyewe. "Nilijiona kama yule anayebisha hodi, anaambiwa hatununui mboga," anasema.

Hakuwalaumu. Alimwambia Osea asome tena maneno yote mia mbili tisini, naye akiyasikiliza kwa masikio ya mtu wa mbali. Hakuna mahali alipoeleza mchango ni nini. Mstari baada ya mstari alikuwa ameandika mchango wa watoto, kuleta mchango, kuwahi mchango, kana kwamba kamati nzima imelelea watoto bondeni.

"Njia haipitiki, Osea. Maandishi bado unayo?"

"Ninayo, mama. Mimi sifuti cha mtu."

"Basi tutatengeneza hivi hivi, wewe huko mimi huku. Futa kichwa."

"Kimefutika."

"Andika: Je, Ana Mchango? Swali Linalomwahisha Mtoto Zahanati. Sasa mstari wa kwanza: Katika bonde la Momba, mchango ni jina ambalo wazazi hulitumia kwa tumbo la mtoto linalokaza na kuharisha."

Walipofika katikati vocha ya Osea ikaisha, na Restuta hakuwa na salio la kumpigia. Restuta akabaki ameshika simu iliyokatika, chini ya kichuguu watu wawili wakingoja zamu ya mtandao. Nyuma yao akamwona Fanueli anapanda, koti jeupe limeshika miba.

"Wagonjwa wamepungua," akasema, akihema. "Chukua simu yangu. Lakini kuna sentensi yangu moja nataka iingie."

"Ipi?"

"Kwamba kulitaja jina si kukubali mizizi. Wasije wakatuona tumevaa hirizi."

Restuta alifikiri kidogo. "Ni ya kweli. Itaingia. Ila inabidi nitoe nyingine, tumeshafika mia tatu."

Wakagombania pale kichuguuni kipi kitoke, Osea akisubiri upande wa pili, na wale wawili wa foleni nao wakatoa mawazo yao. Ikatoka sentensi iliyosifu zahanati. Osea akasoma yote upya, Restuta akasema tuma, Osea akasema imekwenda. Kisha wakateremka, maana benchi lilikuwa limejaa tena.

Jibu la pili lilikuja Mei. Mchango wake umekubaliwa. Amepewa dakika kumi na nafasi ya maswali.

Restuta haombi makubwa. Anataka kila muuguzi anayepangiwa bonde lile aulize kwanza watu wa hapo wanauitaje ugonjwa, kabla ya kuwaambia unaitwaje. "Na mabango yale yabanduliwe," anasema. "Hilo nitalisema hata kengele ya muda ikilia."

Jumamosi, usiku wa kuamkia siku aliyosimulia haya, alijizoeza kusema mada yake sebuleni kwake. Nyanzobe alikuwa mgeni wake, kamleta mjukuu kupimwa uzito, na mtoto alikuwa ameshalala mkekani. Restuta akasimama mbele ya kabati, akaweka simu ihesabu dakika kumi, akaanza. Kengele ikalia hajafika kwenye matokeo.

"Unazunguka sana," Nyanzobe akasema. "Na mimi je, utanitaja?"

"Majina ya wagonjwa hayatajwi, bibi."

"Mimi sikuwa mgonjwa. Aliyeumwa ni huyu."

"Nitasema bibi mmoja mfugaji."

Nyanzobe akalipima hilo. "Sema bibi mmoja mfugaji mwenye ng'ombe wengi."

Restuta akapunguza, akarudia. Kengele ikamkuta kwenye pendekezo. Akapunguza tena, akaanza mara ya tatu, na safari hii alipoinua macho Nyanzobe alikuwa ameegemea ukuta, amesinzia, mdomo wazi kidogo.

Hakuacha. Alishusha sauti asimwamshe mtu, akaendelea na takwimu zake, na sentensi ya Fanueli, na mabango, taratibu, neno kwa neno, mpaka "asanteni kwa kunisikiliza". Akaitazama simu. Ilibaki nusu dakika.

Akamfunika bibi shuka, akapunguza taa, akajinyoosha upande wa pili wa mtoto. Naye akalala.