Barabarani Hakualikwi Mtu

Enzi zetu harusi ilikuwa haina kadi. Mwenye shughuli alimtuma mtu, na mtu huyo alikwenda nyumba baada ya nyumba, Ng'ambo yote mpaka Mji Mkongwe, kualika kwa mdomo wake. Kwetu Kikwajuni kazi hiyo ilikuwa ya Bi Mwaka, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole na miguu isiyochoka. Akitoka na buibui lake lililopigwa pasi na viatu vyake vya ngozi, mtaa mzima ulijua kuna mtu anaoza mwanawe.

Sisi watoto tulikulia katikati ya sharti. Kanga moja ilikuwa ya ndani. Ukitoka nje ni mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Hupiti mbele ya wakubwa kichwa wazi. Huli huku unatembea, hata kama ni kashata inayokuyeyukia mkononi. Ukiitwa unajibu "naam". Ukijibu "eee" unaulizwa tangu lini nyumba hii imefuga mbuzi. Na ukikosea, mama wa yeyote alikuonya hapo hapo, kisha akakufikisha kwenu ukaonywe mara ya pili. Vijana wa leo nikiwahadithia haya wananionea huruma. Wasinionee. Tulicheza rede mpaka mpira wetu wa soksi iliyotiwa matambara ukapasuka, tulicheza kibe, tukijificha mpaka tukapoteana kweli, tulikunywa urojo wa moto tukaungua ndimi, na hakuna sharti hata moja iliyotuzuia kucheka.

Kualika nako kulikuwa na sharti zake, na mimi nilizijua kwa sababu nilipenda kufuatana na Bi Mwaka. Unaanza kwa wakubwa wa upande wa baba, kisha wa mama, kisha majirani. Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unaondoka. Unavua viatu, unaamkia, unaketi unapoonyeshwa, unaonja unachopewa hata kama umeshiba, ndipo unasema ulilotumwa. "Barabarani hakualikwi mtu," alikuwa akiniambia. "Ukimwambia mtu njiani, umempa habari tu."

Dada yangu Asha alipoposwa nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa keshafariki, na aliyekuwa asimame walii wa kumuoza ni baba mdogo. Mkubwa wa ndugu wote wa baba alikuwa Shangazi Rukia, aliyekaa Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini. Siku ya kwenda kumwalika, mguu wa Bi Mwaka ukavimba. Mama akaniita.

"Nenda wewe. Wewe ni damu yake, na maneno nshakusikia unayasema hata usingizini."

Nilivimba kichwa mimi! Nikavishwa kanga mbili mpya, nikapewa viatu vya sikukuu. Laiti ningekwenda moja kwa moja. Lakini njiani niliwakuta wenzangu wanacheza rede, na upande mmoja umepungukiwa mtu. Nikasema raundi moja tu. Nilipokumbuka nilikotumwa, jua lilikuwa limeshaanza kulala, kanga ya kujitanda nimeifunga kiunoni, viatu nimevishika mkononi, na jasho na vumbi vimenigeuza rangi. Nikakimbia mpaka Mkunazini. Shangazi alikuwa dirishani ghorofani. Kupanda ngazi nikaona kutanichelewesha, nikapiga ukelele kutoka chini:

"Shangazi! Mama kakualika! Harusi Alkhamisi!"

Akanitazama kuanzia nywele mpaka nyayo.

"Marahaba," akasema, na mimi sikuwa nimemwamkia. Kisha akafunga dirisha.

Nilirudi nyumbani nikasema nimeshaalika. Sikuona kama nimedanganya.

Jumatatu ya wiki ya harusi, baba mdogo alikuja kwetu uso umemshuka. Alikuwa ametoka kwa dada yake kupanga naye mambo ya ndoa, na dada yake akamuuliza harusi ipi.

"Anasema hakualikwa," alimwambia Mama. "Anasema kapita mtoto wa mitaani anapiga kelele chini ya dirisha lake. Shemegi, mie siwezi kusimama kuoza na dada yangu kakaa kwake. Asipokuja yeye, na mie siji."

Mama aligeuka kunitazama. Dada Asha naye alinitazama, mikono imejaa hina ya majaribio, na machozi yakaanza kumtoka bila kuweza kuyafuta. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba raundi yangu moja ya rede ilikuwa inavunja harusi. Nikasema kila kitu, mpaka ya viatu.

Mama alitaka kwenda mwenyewe kuomba radhi. Bi Mwaka, aliyeletwa akiburura mguu wake, akakataa.

"Aliyelikoroga ndiye atakayelinywa. Mwogeshe, mvishe, aende tena. Na aende peke yake."

Mama alifungua sanduku lake akatoa kanga zake mwenyewe, zile za harusi yake, zilizolala na udi miaka yote hiyo. Zilikuwa ndefu kwangu, ikabidi azikunje kiunoni. Hakunigombeza. Kila alipokuwa akigombeza nilijua yataisha; safari hii sikujua.

Nikatembea taratibu, kichwa nimekifunika. Wenzangu waliniita, sikugeuka. Nikapanda ngazi zile za giza, nikafika mlangoni pa Shangazi. Hodi ya kwanza, kimya. Hodi ya pili, nikasikia kijiko kikigonga kikombe, basi yumo, ila hakuitika. Nilibakiwa na moja. Nilisimama pale nikiogopa kuitumia, kwa sababu nikiitumia isijibiwe nitalazimika kushuka, na nikishuka Dada Asha hana harusi. Nikasoma Bismillahi, nikasema hodi ya tatu.

"Karibu," ikatoka ndani.

Nikavua viatu. Nikamwamkia na kumbusu mkono. Akanionyesha mkeka, nikaketi. Akanipa kahawa chungu, nami kahawa nilikuwa siiwezi, nikainywa. Ndipo nikasema: "Mama anakusalimu sana, Shangazi. Anasema Alkhamisi anamuoza mwanawe Asha. Anakualika wewe na wote waliomo nyumbani mwako, uje umshike mkono, kwani baba yake hayupo."

Shangazi aliweka kikombe chake chini.

"Na yule aliyepita hapa wiki iliyopita alikuwa nani?"

"Mie, Shangazi. Nisamehe."

"Pilau nnapika mwenyewe, mwanangu, sikununa kwa ajili ya pilau," akasema. "Lakini ndugu yangu kafa. Mie nikialikwa kwa ukelele wa barabarani, watu watasema nyumba yake nayo imekufa. Umefahamu?"

Nilifahamu. Jumatano asubuhi alikuwa kwetu kabla hatujanywa chai, na Alkhamisi kigelegele cha kwanza kilikuwa chake.

Siku hizi unaingizwa kwenye grupu. Unaamka, simu imejaa mialiko yenye maua yanayometa, na chini yake imeandikwa sare: kijani iliyopauka na dhahabu, rangi nyengine hairuhusiwi. Mabinti wanaocheka kanga mbili za mama zetu hawathubutu kukanyaga ukumbini na kijani iliyokoza! Sharti hazijakwisha, jamani, zimehama tu. Zamani ziliangalia nani umemwendea na umemwendea vipi. Sasa zinaangalia picha itatokaje.

Mwaka jana mpwa wangu alioa. Mwaliko ulikuja kwenye simu, mimi na watu mia tatu kwa mpigo mmoja. Nikasema nami nitafanya kama Shangazi, nitasema sijaalikwa. Nikakaa nyumbani nikasubiri mtu aje kuuliza kulikoni. Hakuja mtu. Mpaka leo sidhani kama kuna aliyejua kuwa sikuwapo, na hilo liliniuma kuliko mwaliko wenyewe.

Mwezi ujao anaolewa binti yangu wa mwisho. Nimemwambia grupu na afungue, ila wazee wote nitawaendea kwa miguu yangu. Akacheka, akaniuliza magoti yangu nitayaazima wapi. Mwacha mila ni mtumwa, nikamwambia, na magoti yangu ni ya kwangu.

Jana nilianza na Bi Salama, rafiki wa marehemu Mama, anayekaa ghorofa ya juu katika majumba ya Michenzani. Nilipumzika kila baada ya ngazi kumi. Alifungua mlango mwenyewe, kajifunga kanga moja iliyochakaa, na ufagio mkononi. Nikamwamkia. Akatazama buibui langu, akatazama viatu vyangu.

"Umekuja kunialika?"

"Naam, Bi Salama."

"Basi ngoja."

Akaniketisha, akaingia chumbani. Nikasikia kabati likifunguliwa. Alipotoka alikuwa amevaa kanga mbili mpya, bado zina alama za mikunjo, kichwa amekifunika vizuri. Akaketi mbele yangu, akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya mapaja.

"Haya, mwanangu," akasema. "Sema sasa."

Nikalia kwanza, ndipo nikasema.