Jumamosi za Vitabu Kule Garissa

Binti yangu ameniingiza kwenye kundi la wasomaji katika simu. Kila Jumamosi mtu mmoja huuliza, "Jamani, wiki hii mnasoma nini, na mmekionaje?" Basi majibu humiminika. Huyu amelia na riwaya yake mpaka mume akamuuliza kuna nini, yule amekitupa chake chini ya kitanda, mwingine anamtetea mwandishi kana kwamba ni shemeji yake. Wanachokozana, wanacheka, wanatumiana picha za majalada. Mimi nasoma kila neno wanaloandika na sijawahi kujibu. Binti yangu anadhani ni macho. Si macho, rafiki yangu. Kaa nikueleze.

Nilikulia Garissa, miaka ile ya vita vya shifta, wale wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya. Baba alikuwa dresa, mfunga vidonda hospitalini, ameletwa na kazi kutoka Ukambani, na tulikaa katika nyumba ya serikali yenye paa la bati na baraza iliyozungushiwa wavu. Joto la Garissa silielezi, aliyeonja anajua. Mchana bati lililia ta, ta, ta kama mtu anayevunja kuni, na mbuzi wa mji mzima walikuja kulala kwenye kivuli cha ukuta wetu. Makorongo, wale ndege wenye vipara, walisimama juu ya migunga karibu na machinjio wakitutazama kama wazee waliokwisha kukata kesi. Jioni upepo ulitoka upande wa mto Tana ukileta harufu ya matope, na kutoka nyumba ya jirani harufu ya ubani, maana mke wa jirani hakuruhusu jua lizame kabla hajafukiza.

Jirani huyo alikuwa mwenye duka, Msomali, na jamaa zake walikuwa pale kabla serikali haijajenga hata choo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu za hina, na p yake ilikuwa b. "Bole bole, mtoto, utamwaga sukari," alikuwa akiniambia, nami nilipenda kumwiga mpaka mama alinifinya. Alisoma kila kitu. Alisoma vitabu vyake vya dini vya Kiarabu, alisoma magazeti ya zamani kabla hajafungia watu sukari, na mara nyingi mteja alisubiri mkono wazi huku yeye akimalizia habari ya mwezi uliopita.

Yeye na baba ndio walioanza Jumamosi zile. Walikuwa wakiazimana vitabu juu ya ua, kisha wakawa wanabishana juu ya ua, mwishowe mama akasema afadhali waje wabishane wakiwa wamekaa. Mwalimu wangu wa shule, kijana wa bara asiyekuwa na mke wala redio, akasikia naye akaja. Nesi mmoja wa Pwani aliyefanya kazi na baba akaja pia. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri walikaa barazani, na kila mmoja alieleza anasoma nini na amekionaje. Mwalimu aliweka sharti kwamba maoni ya mtu hayachekwi. Hata mimi nilipewa zamu. Nakumbuka nilivyosimama nikasema kwamba sungura katika kitabu changu cha shule ni mwongo na sielewi kwa nini tunafundishwa kumpenda, na mwenye duka akapiga goti lake. "Wallahi, mtoto huyu atakuwa kadhi!"

Mke wake hakujua kusoma, ila alituma chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na tangawizi, na bakuli la nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa kwa samli, nasi tulikula kwa vidole huku mama akituonya tusishike kurasa. Vitabu vilitoka Nairobi kwa lori, pamoja na chumvi na vitambaa. Kikifika kimoja, kilizunguka mikononi mwa wote mpaka jalada likang'oka.

Kisha malori yakaanza kuchelewa. Yalisafiri kwa msafara sasa, askari mbele na askari nyuma, na wakati mwingine msafara ulifika lori moja likiwa halimo, na hakuna aliyeuliza. Kafyu ikaja. Kabla ya jua kuzama kila mtu awe ndani. Wafugaji wakaanza kuletwa kutoka porini na kuwekwa nyuma ya seng'enge nje ya mji, wengine bila mnyama hata mmoja, wamekaa tu na vibuyu vitupu vya maziwa. Pale kisimani wanawake waliacha kuzungumza mtu akikaribia. Mama naye alianza kuniita ndani mapema, tena kwa sauti ya chini, kama vile jina langu lenyewe lilikuwa siri.

Ilisemekana mdogo wake mwenye duka alikuwa ameondoka na ngamia upande wa mashariki na hakurudi. Ilisemekana tu. Yeye mwenyewe hakumtaja kamwe, nasi hatukumuuliza.

Katika siku hizo ndipo karani alipojiunga nasi. Alikuwa mgeni, ametumwa ofisi ya serikali, mpole, kucha safi, na alileta biskuti. Kitabu hakuleta hata siku moja. Alikaa karibu na mlango, akasikiliza, na mtu akimaliza kueleza, aliuliza taratibu, "Na wewe mwenyewe, unaonaje?"

Ungeona jinsi maoni yalivyonyauka. Nesi alisema kitabu chake ni kizuri. Mwalimu alisema chake kina maandishi makubwa. Baba alisoma kitabu cha magonjwa ya macho Jumamosi nne mfululizo, na mwenye duka, aliyekuwa akibishana mpaka mshipa wa shingo unatoka, akawa anasema, "Kila mwandishi na akili yake, bwana," kisha anakunywa chai. Karani alitabasamu kwa kila mmoja. Akiondoka, mama alifagia mahali alipokaa, hata kama hapakuwa na vumbi.

Siku moja karani akaenda likizo kwao. Tulimwona kwa macho yetu akipanda lori la msafara, na sanduku lake, na kofia. Jumamosi iliyofuata watu wazima walikuja mapema. Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama siku mgonjwa anapoamka bila homa. Nesi alicheka kwa sauti. Mwenye duka alivua viatu, akakunja miguu juu ya mkeka.

Kitabu cha siku ile kilikuwa chembamba, cha jalada la kijani, na wote walikuwa wamekwisha kukisoma. Kilihusu mtu aliyemwumiza askari akakimbilia msituni, kisha siku moja ya mvua akaja kugonga mlango wa dada yake. Dada alimtambua kwa kikohozi chake. Hakufungua.

"Alifanya vizuri," nesi alisema. "Ana watoto ndani. Akifungua, amewaua."

Mwalimu akasema sheria ni sheria, ila mwandishi angemwacha dada alie kidogo. Mama, aliyekuwa akichambua choroko, akasema yeye angempitishia chakula dirishani na kumwambia aende zake. Baba akasema ni hadithi tu, hakuna haja ya kuumiza kichwa.

Mwenye duka aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mimi nitafungua."

Vidole vya mama vilisimama juu ya ungo.

"Huyo mtu amefanya makosa, sawa, sikatai. Lakini amenyonya ziwa moja na mimi. Nitafungua mlango, nitamba chakula, nitamba shuka kavu. Asubuhi nitamwambia, twende bamoja kwa wakubwa, useme makosa yako. Lakini kumwacha kwa mvua? Habana. Habana, jamani. Siwezi."

Mwalimu alitazama saa yake, nesi akatafuta viatu, na ingawa jua lilikuwa bado juu, wote walisema kafyu imekaribia.

Siku chache baadaye, nikienda shule asubuhi, nilikuta lori la askari mbele ya duka. Mifuko ilikuwa imechanwa. Sukari imemwagika mpaka barabarani, nyeupe juu ya mchanga mwekundu, na mbuzi wanailamba. Mwenye duka alikuwa amekalishwa chini, mikono kichwani, bila kofia. Mke wake alisimama mlangoni, shela mdomoni, halii. Afisa alimwinamia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia bei, "Ni wewe utakayefungua mlango? Utakayewapa chakula na shuka kavu?"

Nilikimbia nyumbani nikamweleza baba maneno hayo, neno kwa neno. Alikuwa akinyoa. Aliweka wembe chini, povu upande mmoja wa uso, akamtazama mama. Mama akamtazama yeye. Niliona jambo likipita kati yao, na nilikuwa mtoto lakini nililielewa. Karani alikuwa kwao, mbali, likizoni. Hakusikia lolote.

Mama alinipeleka chumbani akafunga mlango. "Ulimwambia nani shuleni?"

"Sikumwambia mtu, mama."

"Niambie. Sitakupiga."

"Sikumwambia mtu."

Ilikuwa kweli, nami hadi leo naweza kuapa. Lakini niliona hakuniamini, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutazamwa hivyo na mama.

Mwalimu alichukua kile kitabu akaenda nacho ofisini, awaonyeshe kwamba maneno yalihusu mtu wa hadithi. Walimwuliza mwandishi anaishi wapi. Kitabu kilibaki huko. Baba naye alisema ameenda kuzungumza na wakubwa, akarudi, akala ugali wake bila kusema kitu. Mke wa mwenye duka alihamishiwa nyuma ya seng'enge na watoto wake. Nesi akawa anapitia njia nyingine kwenda kazini. Barazani hakuja mtu tena. Mama alianika nguo huko.

Mvua zilinyesha, mto ukafurika ukachukua mashamba ya ukingoni, ukapungua. Ndipo siku moja alasiri mwenye duka akaja, amefunguliwa kutoka kizuizini. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, hina imeisha. Baba alimkaribisha barazani, akatuma watu waitwe, na mwalimu akaja, na hata nesi akaja. Nadhani walitaka kuonyesha kwamba hakuna kilichoharibika. Mama alipika chai. Walizungumza juu ya mvua. Habari za mvua zilipoisha, baba, akitafuta neno lolote, akauliza kama zamani, "Haya, siku hizi unasoma nini?"

Mwenye duka alimtazama mwalimu. Alimtazama nesi. Alimtazama mama, akamtazama baba, kila mmoja kwa zamu, bila hasira, kama mtu anayetafuta sura ya jamaa katika umati. Kisha akanitazama na mimi.

"Sisomi kitu," akasema.

Aliacha chai nusu, akashukuru, akaenda. Baadaye tulisikia amechukua jamaa zake wakavuka mpaka wa Somalia, upande wa Kismayu. Miezi michache mbele, baba akapata uhamisho wa kwenda kwetu, uhamisho aliokuwa ameuomba miaka mingi na kunyimwa. Tulisherehekea. Mama alichinja kuku.

Wote sasa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ile nyumba nimeambiwa ilibomolewa. Nikiwakumbuka, nawakumbuka vizuri, kicheko cha nesi, mwalimu na chaki kwenye suruali, na utamu wa ile nyirinyiri ambayo sijaipata tena popote. Nawapenda wote. Lakini kila sura ikinijia naiuliza swali moja. Mwezi uliopita nilikwenda kupalilia kaburi la baba. Niling'oa magugu, nikapanga mawe, nikamwombea. Nilipoinuka nikasikia mdomo wangu ukisema, pole pole, kwa sauti, "Baba, ulikuwa wewe?"