Thamani za Akiba za Kitengela

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kuogopa maandishi mekundu.

Nilijifunza kompyuta peke yangu, kwa video, katika bedsita, chumba kimoja nilichopanga Kitengela. Sikuwa na mwalimu wa kunisahihisha, kwa hiyo kila onyo la mashine nililichukua kama tusi. Aliyenipa kazi ni mama mwenye kliniki mbili: ya Kitengela, iliyokuwa na kompyuta tayari, na ya Kajiado, iliyokuwa ikihama kutoka kwenye makaratasi. Nilimwita Madam.

Kazi ilikuwa kutengeneza taswira, yaani nakala ya kompyuta iliyokwisha kuwekewa kila kitu, ambayo unaipakia kwenye mashine mpya nayo inawaka ikiwa tayari. Taswira hujengwa kwa kufuata kiolezo, maagizo yaliyoandikwa mara moja. Ili kiolezo kimoja kitumike kote, unaacha ndani yake vigeu, nafasi zenye majina: jina la kliniki, anwani ya seva, yaani kompyuta kuu ya kila kliniki yenye faili za wagonjwa wake. Unazijaza wakati wa kujenga.

Ukiacha nafasi wazi, ujenzi unasimama na kuandika kwa rangi nyekundu. Hilo sikulivumilia. Kila kigeu nikakipa thamani ya akiba, ile inayotumika usipoandika kitu, na zote nikaweka za Kitengela. Hakuna kilichosimama tena. Nikajiona fundi.

Taswira ya Kajiado niliijenga mara nyingi kwa sababu kila mara niliona kitu kidogo cha kurekebisha, picha ya skrini, ukubwa wa herufi. Mara ya mwisho niliandika jina la kliniki nikasahau anwani ya seva. Mashine haikulalamika.

Asubuhi ya kuanza kuitumia, sista, muuguzi wa kliniki ya Kajiado, alinipigia.

“Sopa, kijana,” alinisalimu kwa Kimaasai. “Niko na mama mjamzito hapa, tumbo ndio hii mbele yangu. Kompyuta yako inasema ni mwanaume.”

Nilielewa papo hapo. Kadi za wagonjwa katika kliniki zote mbili zilianzia namba moja, kwa hiyo juu ya skrini iliandikwa Kajiado, lakini namba ya mama yule ilikuwa imefungua faili ya mtu wa Kitengela. Nikasema labda ni mtandao. Sista akaniambia kuna mzee ametoka na dawa muda si mrefu. Alikuwa amemuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, mzee akamjibu aangalie kwa kompyuta, si ndio imeletwa. Ukurasa wa dawa, unaoonyesha namba ya kadi bila jina, ukasema hakuna.

“Sasa niambie. Ni mtandao ama ni wewe?”

“Ni mimi, sista. Faili zote unazoona ni za Kitengela. Usiamini hata moja.”

Akakata simu ili amtafute mzee.

Nilianza kujenga upya, pale kliniki ya Kitengela. Mistari ilipita polepole, simu kimya. Madam, niliyemweleza yote, alisimama nyuma ya kiti changu. Aliuliza kwa nini mashine haikukataa. Nikamwambia nilitaka kila kitu kionekane safi.

“Kwa hivyo uliifunza kuninyamazia,” akasema.

Sijawahi kusubiri simu vile. Nilikuwa nimeshaanza kumwona mzee nisiyemjua akivimba koo kando ya barabara.

Sista alipopiga, alikuwa akihema. Faili ya karatasi ilipatikana kwenye katoni: dawa ile ile, iliwahi kumvimbisha uso. Mlinzi wa kliniki alimfuata kwa bodaboda hadi soko la mbuzi, akamkuta pakiti ingali mfukoni, haijafunguliwa. Mzee aliitoa bila ubishi, ila alikataa kurudi kliniki kabla ya kuuza beberu wake.

Niliegemea meza nikalia, Madam akiangalia.

Siku hizi anwani ya seva haina thamani ya akiba katika kiolezo changu chochote. Usipoijaza, ujenzi unasimama.