Watu wa Nyota na Kibanda cha Bibi

Juzi, hapa Goma, mjukuu wangu alikuwa anaangalia filamu kwenye simu. Watu wa nyota fulani, wenye shingo ndefu, walikuwa wamepiga magoti wakiimbia mwamba. Akaniambia, "Koko, angalia vile banasali. Njo dini yabo. Iko muzuri." Watu wa nyota niliwahi kusikia wakisifiwa hivyo hivyo nikiwa mtoto kule Ntoto, wakati wa Wabelgiji, na sifa zile hazikumsaidia bibi yangu.

Ntoto yangu ilinuka mawese mapya na nyama ya porini ikikaushwa juu ya moshi. Asubuhi tulichota maji, tukatwanga sombe, majani ya muhogo, kisha ngoma ya misheni ikatuita shuleni. Bibi, mama yake baba, alikuwa amebatizwa kama sisi sote na misa hakukosa. Lakini nyuma ya jiko alikuwa na kibanda cha majani kilichofika gotini tu. Alfajiri aliweka humo kipande cha ndizi, akamimina pombe kidogo katika chungu cha marehemu mama yake, akawataja wazee wetu mmoja mmoja. Alizoea kusema, "Mungu iko juu, bazee beko hapa karibu. Kama hausalimie wa karibu, wa mbali atakusikia namna gani?"

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Nyamitaba, mtoto wa wafugaji, aliyeshuka kutoka milimani na kila siku akatamani maziwa. Jumamosi moja, tulipomaliza kufagia uwanja, alitusomea kitabu cha Kifaransa kilichokosa jalada, akikigeuza Kiswahili papo hapo. Wazungu walipaa kwa merikebu ya chuma mpaka kwenye nyota, wakakuta watu wanaomwagia jiwe maji kila asubuhi kwa ajili ya wafu wao. Baharia mmoja alitaka kulivunja. Kapteni akamshika mkono, akamwambia kwamba wao ni wageni pale. Tulipiga makofi. Padri wetu Mzungu, aliyekuja kukagua shule siku hiyo, alisikiliza akiwa mlangoni, akacheka na kusema kapteni yule alikuwa muungwana.

Jioni nilimsimulia bibi tukimenya ndizi. Aliuliza kama wanawake wa huko nao wanamwaga maji, au ni kazi ya wanaume tu. Nilipomwambia ni wote, akaridhika.

Haukupita muda, katekista wa kijiji akakiona kibanda cha bibi, akampelekea Padri habari. Jumapili baada ya misa walikuja, kijiji kizima nyuma yao. Padri alimwagiza katekista achukue kijinga cha moto katika jiko la bibi mwenyewe. Mwalimu alijitokeza, kofia mkononi, akamwambia Padri kwa sauti ya chini:

"Mon père, kapteni wa kitabu aliacha jiwe ya batu, na sisi wote tulimusifu. Huyu mama kosa yake iko nini?"

Padri alimjibu bila hasira, "Wale ni watu wa hadithi. Hawa ni Wakristo wangu."

Bibi aliomba kitu kimoja tu, atoe kwanza chungu cha mama yake. Katekista alimtazama Padri. Padri akatikisa kichwa kukataa. Majani yalishika moto haraka, na sote tulisikia chungu kikipasuka.

Mwalimu aliondolewa kazini kabla shule haijafungwa kwa likizo. Wasafiri walisema anauza maziwa huko Kibabi. Bibi aliacha misa, na wazee pia akaacha kuwataja. Alfajiri alikaa nyuma ya jiko, mikono mapajani, kama mgeni asiyekaribishwa. Alipokufa, kengele ya kanisa haikupigwa. Tulimzika kando ya njia ya shamba. Vita vilitukimbiza mara nyingi, msitu ukafunika njia, na leo hakuna anayeweza kunionyesha kaburi.

Siku hizi mapadri ni watoto wa kwetu, na wanajifunza mila za wazee. Mwaka jana mmoja alinitembelea. Kijana mwenye adabu, aliniita Mama kila neno. Aliniomba nimwambie bibi alikuwa anasema nini kibandani, majina gani, kwa utaratibu gani, kwa sababu ule ulikuwa utajiri wa Kanisa. Nilifikiri sana. Nilikumbuka harufu ya pombe na baridi ya alfajiri. Nikampa chai. Majina sikuwa nayo.