Kisima Kilichofungwa kwa Hiari

Abu Karrar alikuwa akinywa chai mkahawani, nje kidogo ya Basra, televisheni ilipotangaza kwamba mawaziri wa nchi zinazouza mafuta wamekutana Vienna. Kila nchi itapunguza uchimbaji kwa hiari, ili bei isizidi kuporomoka.

"Hongera, Abu Karrar!" mwenye mkahawa akamtania. "Umejitolea, na wala hujui!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Miaka ishirini na miwili alikuwa mwangalizi wa visima vya mafuta, na alijua hiari hiyo huishia mkononi mwa nani.

Kesho yake mhandisi Wisam alimletea fomu. "Tufunge kimoja, Hajji. Cha tisa au cha kumi na nne. Chagua wewe."

Cha kumi na nne kilikuwa kizee. Alikuwa amekibembeleza ujana wake wote. Kikifungwa, maji ya chini yangepanda yakachukua nafasi ya mafuta, na kisingefufuka tena. Cha tisa kilikuwa kizima, ila gesi yake ndiyo iliyoendesha mtambo wa umeme wa mtaa wao, na mama yake alilala chini ya feni, kifua kimembana, katika joto la Agosti.

"Hakuna njia nyingine, mwanangu?"

"Ipo. Tufukuzwe kazi wote wawili."

Akakifunga cha kumi na nne. Alizungusha gurudumu la valvu polepole, kiganja kingine juu ya bomba, mpaka mtetemo ukakoma. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu: *kwa hiari*. Akatia alama.

Nyumbani feni ilikuwa ikizunguka.

"Mbona umesawijika?" mama akauliza. "Nani kafa?"

"Hakuna, yumma. Lala."

Wiki ya tatu Wisam alirudi, macho chini. Huko Vienna walikuwa wamekagua takwimu, wakaona nchi ya akina Wisam ilipitiliza mgao wake wa uchimbaji tangu mwanzo wa mwaka. Sasa ilipaswa kufidia.

"Kufidia nini? Si nimeshaua kisima?"

"Hakikutosha. Cha tisa, Hajji. Nisamehe."

Abu Karrar alisimama mbele ya valvu, akapiga simu nyumbani.

"Yumma, jaza beseni maji, ulowanishe shuka. Umeme utakatika."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Nani anaukata? Mkono wake ukauke!"

Akautazama mkono wake, tayari uko juu ya gurudumu.

"Amina, yumma," akasema, akaanza kuzungusha.