Fasihi ya Kiingereza kwa Sauti ya Kwaya

Mpaka leo nikipita Kakiika, kule Mbarara, Uganda, nageuza uso nisikutane na mwalimu yeyote wa ile shule, na kwa kuwa wengine wameshawasimulia habari hii wakaitia chumvi, afadhali niwape yote mwenyewe.

Nilikuwa nalima kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi niliyesomea ualimu kwetu Kivu ya Kusini kwa Kifaransa, nikasikia shule moja ya Mbarara inatafuta mwalimu wa fasihi ya Kiingereza. Kiingereza nilikipata kambini (cha kutosha kuomba kazi, si cha kusomea kitabu). Rafiki akanipa kitabu kinene na karatasi yenye muhtasari wa enzi zote za fasihi hiyo, toka ya kale mpaka ya sasa. Kitabu nikakiweka chini ya taa ipate kukaa juu, karatasi nikaitia kwenye sauti ya kwaya, maana sisi watu wa kwaya kisichoimbwa hakikai kichwani. Shambani mimi naanzisha, "Enzi ya Kiingereza cha Kale," mke wangu Mama Neema anaitikia, "Ikapita," tunainua majembe, "Enzi ya Kiingereza cha Kati," "Ikapita," hadi jirani yetu Mama Riziki naye akawa anaitikia kutoka shambani kwake. Nilijiona mwalimu kabisa. Mama Neema aliniamini, akamgawia Mama Riziki majembe yetu, kwani shule ilikuwa na nyumba ya mwalimu.

Siku ya intavyuu nilienda na Mama Neema, yeye akakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Mkuu wa shule, mzee aliyewahi kuwa jeshini, akaniambia nieleze maendeleo ya fasihi ya Kiingereza. Nikataja enzi ya kwanza, ya pili haikuja, kwa sababu haijawahi kuja kabla ya kiitikio. Nikarudia polepole, kwa sauti ya wimbo (na kwa Kiswahili, ndivyo nilivyoutunga), na dirishani ikaingia sauti ya Mama Neema: "Ikapita." Basi nikafunguka, mguu ukaanza kupiga sakafu, enzi ya Mwamko ikapita, ya Romantiki ikapita, ya Victoria ikapita, mwalimu mmoja akajifunika uso kwa faili na wanafunzi wakajaa mlangoni.

"Wimbo iko muzuri," mkuu akasema nilipomaliza. "Sasa ambia sisi kitabu moja ya hiyo Victoria wewe nasoma."

Sikuwa nimesoma hata kimoja, cha Victoria wala cha enzi nyingine.

"Papa Neema, bamekukatala?" mke wangu akauliza nilipotoka.

"Bamenikatala."

Akainuka kwenye benchi. "Na majembe yetu je?"

Swali hilo lilinitia aibu kuliko yote ya mle ndani. Tangu hapo nimeapa, kitabu sikiweki tena chini ya taa kabla sijakimaliza.

Tuliporudi Nakivale nilikwenda mwenyewe kwa Mama Riziki, nikamkuta anapalilia kwa jembe langu.

"Ile kazi ya Mbarara," nikaanza.

"Ikapita," akaitikia, akanishikisha mpini wa jembe.